Njegere Zilizopanda Bei

Kobelo, mjukuu wangu na mume wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Mlali tunaendelea, ila mvua imechelewa na mama yako mdogo bado anakohoa.

Unaniuliza naogopa nini, wakati bei ya hisa zako inapanda kila siku.

Nilipokuwa msichana kule juu mlimani, wanawake waliotoka sokoni Morogoro walitutajia bei kwa sauti tukipishana njiani. Siku moja wakasema njegere zimepanda maradufu. Kijiji kizima tukachuma, hata zilizokuwa changa, tukashuka mbiombio. Kumbe bei ile ilikuwa ya kweli, lakini aliyeilipa ni mtu mmoja mwenye harusi. Alichukua tenga moja, akaenda zake. Wauzaji tukajaa, mnunuzi hakuna. Mama alikataa kutua tenga lake kichwani mpaka atuliwe na mnunuzi. Shingo ilimtetemeka, ila aliona akilitua, basi na bei imekufa.

Mjomba wako amenisomea ile picha uliyotuma kwenye simu. Anasema chini ya bei pana namba ndogo, ndiyo idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Bei yako inapanda, namba ile inazidi kushuka. Bei inakwambia mnunuzi wa mwisho alilipa ngapi. Haikwambii kama nyuma yake yupo mwingine.

Nawe unataka kuongeza hisa kwa ada ya chuo! Siku utakayotaka kuuza, mume wangu, nani atakutua?

Mkeo mzee,
Bibi