Pumu Uliyokwenda Nayo Kazini

Mazwi, Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Kaka Fidelis,

Najua ungesema, "Karani wa mbinguni ameshaanza." Ndivyo ulivyoniita kila uliponikuta mezani naandika shajara yangu. Leo nimeiweka kando. Nakuandikia wewe, kwa sababu jibu la mwajiri wako kuhusu madai yetu ya fidia lilifika Alhamisi, na sina mwingine wa kumwambia bila kulia mbele yake.

Wanasema kazi haikukuua. Imekuua pumu yako. Ulikuja nayo, wanasema, na umeondoka nayo. Na ushahidi wao si wa daktari, kaka. Ni maneno ya baba mdogo Kasto, aliyoyasema msibani kwako mbele ya watu wote.

Jioni ile uliyofariki, kabla hata turubai halijafungwa, minong'ono ilikwishaanza. Unaujua mji wetu: kijana hafi hivi hivi. Wakakumbuka ulivyogombana na jirani yako Mama Oresta kwa ajili ya bata wake waliokula mchicha wa wifi Sabina. Mjane mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni, hana mtoto wa kumtetea. Nilisikia mtu akisema nyuma ya jiko, "Bata tu, na mtu kafa." Baba mdogo naye alisikia. Ndiyo maana siku ya maziko, ilipofika zamu ya familia kueleza ugonjwa wa marehemu, alisimama akasema, "Huyu tumemlea na pumu tangu mchanga. Hakuna mkono wa mtu hapa. Asitafutwe mtu." Akarudia mara ya pili, polepole, akiwatazama mmoja mmoja. Nikaona mabega ya Mama Oresta yakishuka. Siku hiyo alipakua chakula pamoja na wanawake wengine, na hakuna aliyekataa sahani yake.

Msimamizi wenu wa mashine ya kusaga alikuwa ameketi mstari wa mbele. Sanduku walilinunua wao, pamoja na gunia la unga wa wafiwa. Alimpa baba mdogo mkono: "Umesema vizuri, mzee." Nasi tukamshukuru. Hilo ndilo linalonichoma, kaka. Tulimshukuru.

Baba mdogo hakusema uongo. Pumu ulikuwa nayo. Lakini ilikuwa ya kuja na kuondoka. Ilikuja na upepo wa Juni, mama akakuchemshia maji ujifukize, ikaondoka, ukarudi uwanjani kucheza mpira. Ulilima nayo. Ulioa nayo. Siku ya kwanza kazini uliwaonyesha kichupa chako cha dawa ya kuvuta, na msimamizi akacheka: "Ukichoka utatoka nje upumue, hewa ya Ufipa ni ya bure." Ulikuja kunisimulia, na wewe unacheka.

Kisha wakakuweka kwenye pumba. Mfuko wa kukamata vumbi ukachanika, wakaufunga kwa kamba, kazi ikaendelea. Ukawa unarudi nyumbani mweupe hadi kope, na mwanao Neema anakukimbia akipiga kelele, "Babu! Babu!" Tulicheka sote. Mungu atusamehe, tulicheka. Uliomba wakuhamishie kwenye mzani. "Hapa hatuna kazi ya kifua na kazi ya mgongo," msimamizi akakujibu. Malori ya mavuno yakaanza kupanga foleni, na ile ruhusa ya kutoka nje ikaisha. Msimu ule pumu haikuondoka tena. Ulilala umekaa, wifi amekuegemeza kwa viroba alivyojaza nguo. Siku ya mwisho Joseph, mwenzako wa zamu, alikutoa mle ndani mgongoni, akakupakia kwenye bajaji. Mlifika hospitali umekwisha.

Ofisi ya fidia walitueleza vizuri, sina neno nao. Ugonjwa uliokwenda nao kazini, kama kazi imeuzidisha, nao unahesabika. Ila lazima mtu aeleze ulivyozidi. Joseph aliahidi. Sasa hapokei simu. Ana watoto, na bado yuko kwenye mashine ile ile. Kuna siku simlaumu. Leo namlaumu.

Jana ukoo ulikaa. Binamu Evarist, unamjua kwa ujuaji, akasema njia ni nyepesi: baba mdogo aandike kwamba alichanganyikiwa kwa uchungu, kwamba hukuwahi kuwa na pumu, uliipatia kazini kwao. "Mtu kafa, bado mnamtunzia ugonjwa wake?" Wengine wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Akauliza, "Nikisema hakuwa na pumu, yule mama nitamweka wapi?"

Sisi tukiifuta pumu ya utotoni, mtaa utasema hii ya ukubwani imetumwa, na wote tunajua mtumaji watamtafuta kwenye nyumba gani. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa. Kodi ya nyumba iko juu yake, ada ya Neema iko juu yake. Akasema bila kuinua uso, "Sitaki hela itakayomchomea bibi wa watu nyumba." Akatoka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na moto.

Mama Oresta mwenyewe hajui. Juzi alituletea majani ya maboga, akaniambia, "Nasikia mtalipwa, mwanangu. Mungu si Athumani." Nikaitikia amina.

Basi Jumanne naenda ofisi ya fidia, mimi na wifi. Baba mdogo atafuatana nasi, na atayarudia maneno yake ya msibani bila kupunguza hata moja, kisha ataongeza yale ambayo siku ile hakuna aliyemuuliza. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu: pumu ilikuwa mgeni kwako, mashine ile ikaifanya mwenyeji. Huenda tukashindwa. Wao wana wakili. Ningetamani kukuandikia kwamba haki ipo, lakini wewe sijawahi kukudanganya, na sitaanza sasa kwa kuwa huwezi kunijibu.

Kwaheri, kaka yangu. Nakuahidi hili: sitakuponya baada ya kufa ili wapate kukulipia. Nitasema ulikuwa mgonjwa. Nitasema walikupokea mgonjwa, wakakutumikisha mgonjwa, na kazi yao ikakuua. Wakikataa, nitakata rufaa niyaseme tena mbele ya wakubwa wao, maneno hayo hayo, hadi wachoke kunisikia.

Mdogo wako,
Agripina