Kijiti Kwenye Lundo la Majani

Shangazi yangu mpenda usafi,

Mparachichi wako umeanza tena fujo zake. Kiangazi kimekolea, upepo wa asubuhi unashuka kutoka milimani, na nikimaliza kufagia uwanja nikigeuka nyuma nakuta majani mengine yamelala palepale nilipotoka. Nimeyasema vibaya kwa niaba yako. Halafu nimeyazoa yote nikayatia kwenye gunia.

Unakumbuka nilivyokuja kwako Kibondo kutoka Kasulu, nimemaliza shule, nikusaidie kuuza vitenge dukani? Sheria ya kwanza niliyoikuta ni ufagio. Kabla ya chai uwanja uwe umefagiliwa, na majani yachomwe nyuma ya jiko. Mwanamke mwenye majani uwanjani, kwako huyo alikuwa hajaamka. Kwa hiyo siku niliyokuambia nimesikia redioni kwamba majani hayo yakirundikwa yakaoza yanakuwa mboji, ulinitazama kama niliyeomba ruhusa ya kufuga fisi. Ukaniuliza wateja wako wakipita wakaona lundo la uchafu watasema nini.

Kilichokulainisha ni mchicha. Ulikuwa umedumaa, wa njano, na wewe mboga za sokoni ulikuwa huzitaki, ulisema zimelala. Basi ukanipa kipande kidogo nyuma ya bafu, mahali ambapo wageni hawafiki, na ukaniapisha nisimwambie mtu.

Kosa la kwanza lilikuwa lako, na leo hupo kunibishia. Majani ya mkaratusi! Uliipenda harufu yake kwa sababu tulikuwa tukiyachemsha na kujifukiza tukishikwa na mafua, ukaamua kwamba kinachomfaa binadamu hakiwezi kuudhuru mchicha. Ukajaza lundo zima. Tukangoja weee, majani yakakaa vilevile, magumu kama ngozi. Hukutaka kungoja zaidi, ukayatia bustanini hivyohivyo, na mchicha ukazidi kujikunja. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema tumeutibu mafua ambayo haukuwa nayo.

Baada ya hapo hukushikika tena. Wewe uliyekuwa ukichoma kila jani ukaanza kuzunguka kwa majirani kuwakataza kuwasha moto. Ulikwenda harusini ukarudi na gunia la majani ya mfenesi wa kwao bibi harusi, umelibeba kichwani ukiwa bado na nguo zako za sherehe, unatembea kwa madaha. Mimi nilikuwa nyuma yako naona aibu. Sasa nikikumbuka nacheka peke yangu barabarani, watu wananishangaa.

Na kile kijiti chako. Kila asubuhi ulikichomoa katikati ya lundo, ukakiweka shavuni na kufumba macho. Kikiwa cha moto ulisema, "Linapumua," ukaenda kunywa chai yako kwa raha. Kikiwa baridi ulivuka njia kwenda kwa Mama Niyo, jirani yetu ambaye wazazi wake walitoka Burundi, kuomba samadi ya mbuzi wake. Samadi ilikuwa ya kujaza karai moja, lakini mazungumzo yenu kwenye mkeka wake yalikula asubuhi nzima, duka nikabaki nalo mimi.

Ulipotutoka, baba yangu akasema kiwanja cha mjini hakiachiwi nyasi. Unamjua mdogo wako, akishasema kitu. Akataka kujenga fremu za maduka hapo bustanini. Nilimsihi, akanipa mpaka mvua za kwanza: nikionyesha bustani yako inaendelea, ataiacha, nikishindwa, anajenga. Nguo zako tulizigawa, duka likafungwa. Bustani ndiyo niliyobaki nayo ya kwako.

Nikarundika majani peke yangu. Nikanyunyizia maji, nikatia majivu kidogo, nikachomeka kijiti. Kikatoka kikavu na baridi, kimejaa udongo wa mchwa. Nilijua kinachokosekana ni samadi. Lakini samadi ilikuwa kwa Mama Niyo, na ule mkeka wenu tangu mazishi sikuweza kuutazama. Nilikuwa napita njia ya nyuma nisiuone.

Mwishowe nikaenda. Mama Niyo hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisogea, akanipa pale ulipokuwa ukikaa wewe, akasema, "Ego," ile ndiyo yake ya Kirundi, "nilikuwekea." Nilipotazama ukutani niliona magunia ya samadi yamepangwa, amekuwa akiyajaza tangu kiangazi kilipoanza. Nililia pale, naye akalia, kisha tukacheka kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa anatafuna ncha ya mtandio wangu. Siku hiyohiyo tukalipangua lundo, tukalipanga upya, majani na samadi, majani na samadi, na maji ya kutosha.

Juzi baba alikuja kutoka Kasulu. Hakuja peke yake, alikuja na fundi wa kupima msingi. Mvua hazijanyesha na tayari alikuwa na fundi! Nilisimama mlangoni. Akazunguka bustani mikono nyuma, akafika kwenye lundo, akakiona kijiti. Akakichomoa, kinafuka mvuke. Halafu, Shangazi, bila mtu kumwambia, akakiweka shavuni na kufumba macho, vilevile kama wewe.

Fundi akauliza waanzie kupima upande gani.

"Ngoja kwanza," baba akasema. Akakirudisha kijiti mahali pake, taratibu, akanigeukia. "Ufagio uko wapi? Haya majani yanapotea bure."

Pumzika, Shangazi. Uwanja umefagiliwa, na hakuna kilichochomwa.

Ni mimi, binti wa mdogo wako, mwenye zamu ya ufagio.