Kinywa ya mama muzee

Bulengera, siku ya tatu ya kugawa dawa

Mais ule mama muzee, vraiment. Nilimupa dawa ya minyoo, nikamuambia vile tunaambiaka kila mutu: «Mama, fungua kinywa nione kama umemeza.»

«Fungua yako kwanza.»

Batu bote benye kuishi mu ile parcelle balikuwa banatuangalia. Kama nakatala, hapana mutu atakubali dawa tena pale. Donc nikafungua. Akainama, akaangalia polepole, akatangazia majirani: «Kuko majani ya sombe mu meno.»

Bakacheka sana, kiisha bote bakameza, hata baba moja jirani mwenye alikuwa anakatala tangu siku ya kwanza. Nikarudi nyumbani na furaha.

Sasa naandika ndiyo nakumbuka: yeye mwenyewe hakufungua kinywa.

Kesho narudia kwake. Lakini kwanza nitasugua meno.