Jumla ya Louisville

Ijumaa, Buffalo

Bon, hesabu ya magodoro imekubali! Nilikuwa nimechuja orodha ya wageni wa harusi yangu kwenye jedwali la kompyuta wabaki waliothibitisha, lakini jumla ya wanaotoka Louisville, watakaolala kwetu, iliendelea kuhesabu hata waliofichwa: watu arobaini. Niliogopa. Tungewalaza wapi?

Wanjiru, rafiki yangu wa kazini, alinielekeza kwa simu: "Ongeza safu inayoandika 1 kwa kila mstari unaoonekana. Halafu fomula ya SUMIFS ijumlishe wa Louisville wenye 1 tu."

Kumi na wanne. Mimi nilitegemea kumi na watatu, nikasoma majina. Baba mkubwa, aliyegombana na mdogo wake, papa yangu, miaka yote hii, amethibitisha leo!

Nilimwonyesha papa jina hilo, akalisoma mwenyewe. Kisha akasema, "Huyo atalala mu chumba yangu."