Sauti Niliyompa Muuaji

Jumamosi, Kansanga

Na bado watazamaji wanasema sehemu ya tisa ya filamu ya yule muuaji ni mbovu. Wamemzoea tu. Katika ile ya kwanza muuaji alikuwa mzimu asiyesema neno, na watu katika kibanda chetu cha video walifumba macho. Sasa kila sehemu anakufa na kufufuka, nao wanamshangilia yeye, si wanaochinjwa.

Mimi ndiye niliyemfanya aseme. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwa maikrofoni, na tangu ile ya nne nimempa sauti ya marehemu baba, sajenti wa polisi. "Wewe mwanamke, nani amekuambia usimame?" Kibanda kizima huangua kicheko.

Leo Mama aliniletea chakula. Hajawahi kuingia pale. Alifika mlangoni wakati sauti ile inafoka kwenye spika. Akaweka sufuria chini, akapiga magoti.

"Nisamehe, afande. Chakula kiko tayari."

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka.

Ningeweza kuzima maikrofoni. Badala yake nilimwambia, kwa sauti ileile, akae hapo hapo mpaka filamu iishe.

Akakaa.