Darubini ya Kaka

Jumatatu, 3 Juni
Kaka kaingia karakanani kwangu uso umemkunjamana, akaibwaga darubini yake mezani. Ile ya macho mawili, ya kazini. Eti tangu niisafishe inaonyesha giza! Jioni akiwa juu ya mnara wa kulinda moto, msitu wote mweusi tii. Wiki iliyopita moshi uliwahiwa na wakata mbao walio chini, si yeye — yeye wanayemwita Kipanga! Bwana Misitu kamwambia wazi: akikosa moshi mwingine, anashuka, anapanda mtu mwingine.
"Umeniharibia chombo, mdogo wangu."
Mimi? Mikono hii? Nimeudhika mpaka chai imepoa. Nitaifungua skrubu kwa skrubu, na asiyeniamini aje akae hapa atazame.

Jumanne, 4 Juni
Nimelipata!
Nimewasha taa, nikaigeuzageuza darubini nione mwanga unavyorudi. Lenzi yenye utando wake, ile rangi nyembamba ya kiwandani inayosaidia mwanga upite, huirudisha taa hafifu, ya zambarau au kijani. Iliyovuliwa utando huirudisha nyeupe, kali. Na mwanga unaokurudia usoni ndio huo uliokataa kuingia ndani. Basi natazama: zambarau, kijani, zambarau — nyeupe! Kuna fundi kabla yangu aliuona utando akadhani ni uchafu, akausugua mpaka ukaisha. Si mimi. Mimi dawa ya kusugulia siigusishi lenzi hata unishikie bunduki.
Chini ya meza nina mkweche mmoja wa aina hiyohiyo, umepasuka mwili lakini lenzi zake nzima. Nang'oa mbili, kushoto na kulia, zilingane.

Alhamisi, 6 Juni
Kazi imekwisha. Jua likizama nimelitazama bango la duka la dawa ng'ambo ya barabara. Herufi zote, mpaka zile ndogo za chini! Mwanga unapita kama dirisha limefunguliwa. Nimejinunulia soda ya kujipongeza.
Kaka kaichukua bila asante. Ndivyo alivyo. Kesho atarudi anacheka.

Ijumaa, 7 Juni
Hakucheka. Kapiga simu: giza vilevile. Anataka nimwambie Bwana Misitu kwamba darubini ni mbovu. Nimemjibu kwa ukali, kanikatia.
Mchana wifi kapita kunisalimu, nikammwagia malalamiko yote juu ya mumewe. Nilitegemea atacheka, ataongeza na yake. Kasema polepole kwamba siku hizi magharibi ikiingia, mumewe hushuka ngazi za nyumbani akipapasa kwa mguu. Juzi kamimina chai nje ya kikombe. Kakilaumu kikombe.
Tumetazamana. Naogopa. Siku zote hizi napigania jina langu tu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwita. Kaja na darubini shingoni. Tumesimama dirishani, jua linashuka, nikamwambia alisome bango. Kazungusha gurudumu, kazungusha tena.
"Unaona? Giza! Sikukwambia?"
Nikaichukua, nikatazama mimi. Herufi zote zipo.
Nikamrudishia, nikasema, kaka, funika jicho la kulia.
"Sikuja hospitali hapa."
Funika, kaka.
Kafunika. Kasoma jina la duka, herufi kubwa tu. Sasa la kushoto. Kazungusha gurudumu mpaka mwisho, hata herufi moja hakuisoma. Kaikamata darubini kwa nguvu, na mimi moyo unaniuma vibaya sana. Sikumnyang'anya.
Bado kaikodolea macho, akasema taratibu: "Mwambie Bwana Misitu imekushinda kuitengeneza. Una hasara gani wewe?"
Jina langu, basi, liende! Lakini nikisema mbovu, atanunuliwa nyingine, atabaki kule juu msimu huu wa ukavu, na wale wakata mbao chini wanamtegemea Kipanga. Nikamwambia hivyo hivyo, usoni. Uongo huo sisemi. Jumatatu tunaenda kwa daktari wa macho, yeye na mimi, nikimburuta ikibidi. Labda ni kitu cha kutibika. Kaniita msaliti. Aniite atakavyo, Jumatatu tunaenda.
Sasa kakaa kizingitini, kanipa mgongo. Naandika huku namwangalia. Bwana Misitu kanipigia simu mara ya kwanza, bila shaka kuiulizia darubini, nimeiacha iite.
Inaita tena. Kaka kageuka, kaitazama simu, kanitazama mimi.
"Pokea," kasema.
Hajaniambia niseme nini.