Ng'ombe wa Magurudumu Anakohoa Mlimani

Mpendwa Shangazi Akoth,

Nakuomba unisaidie haraka, maana mwisho wa mwezi huu tunapanda Byumba kwa gari na mimi naogopa kwamba hatutafika, na ninayemwogopea zaidi ni yule yule ambaye kila asubuhi namtazama alivyolala nikajiuliza nilifanya jema gani hata nikapewa huyu.

Naitwa Lusekelo, mzaliwa wa Tukuyu, na mwaka huu nimeolewa na Mutsinzi, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, kwa hiyo nyumbani kwetu hapa Kinyinya, Kigali, ni Kiswahili na kucheka tu. Tulikutana sheli. Mimi nilikuwa najaza mafuta kule Nyarutarama, yeye anakuja na pikipiki yake, anaweka kidogo, keshokutwa amerudi, anaweka kidogo tena, mpaka wenzangu wakimwona wakawa wanaimba, "Luse, mgonjwa wako kaja kwenye dripu!" Siku moja nikamwambia, "Kaka, si ujaze tangi upumzike?" Akanijibu, "Nikijaza tangi nitakuona lini?" Shangazi, hata sasa ninapoandika maneno haya mwili unanisisimka.

Siku ya harusi, ulipofika wakati wa ndugu kuwatunza maharusi ng'ombe, kama ilivyo desturi ya Wanyarwanda, alisimama baba yake mdogo, mzee Révérien, ambaye ndiye aliyemlea, akashika fimbo yake, akasema yeye mjini hana malisho, kwa hiyo ng'ombe wake ana magurudumu, akampa jina la kifahari, akamsifu pembe na mwendo kama wanavyosifu ng'ombe kweli, watu wakashangilia, akatukabidhi ufunguo wa gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, la petroli, alilokaa nalo miaka mingi. Tangu siku hiyo mume wangu akitaka niamini jambo huapa kama Wanyarwanda wanavyoapa, "Révérien yampaye inka," yaani kwa jina la Révérien aliyenipa ng'ombe, na akiapa hivyo macho yake hulowa.

Basi gari hilo limekuwa mtoto wetu, hata utepe wa harusi hatujaufungua kwenye vioo, na mapenzi yetu ya sheli yamehamia humo. Mutsinzi hajazi tangi. Anaweka kidogo, tunatembea mpaka mshale ulale chini na taa ya njano iwake, tunaiita taa yetu, ikiwaka ananibusu mkono na kusema, "Sheri wangu, twende tukaonane," halafu tunateremka pale pale nilipokuwa nafanya kazi.

Lakini sasa gari linakohoa. Kwenye tambarare halina neno, likisimama linanguruma vizuri kabisa, ila likianza kupanda tu nguvu zinakwisha, linashtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi, unakanyaga mafuta halijibu, ukiliweka kando likapumzika linawaka tena kama halikufanya kitu. Juma lililopita tulikuwa tunapanda kurudi nyumbani, nyuma yetu lori la mchanga wa ujenzi, mbele yetu kona, gari likakohoa likazima katikati ya mlima. Usukani ukawa mgumu, breki ikawa ngumu kama unakanyaga ukuta, tukaanza kurudi nyuma, naona kwenye kioo lori linakuwa kubwa mpaka nasoma maandishi ya juu ya kioo chake, Mutsinzi anasema "Yesu, Yesu," na mimi ndiye niliyevuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili mpaka ukucha ukavunjika. Lori likasimama likiwa limetukaribia kabisa. Dereva akatoa kichwa dirishani, akaona utepe, akapaza sauti, "Bwana harusi! Mlima unapandwa kwa kichwa, siyo kwa makalio!" Waliokuwa njiani wakacheka. Mimi sikushuka, nilikuwa bado nimeng'ang'ania breki ya mkono.

Nikamwambia mume wangu twende kwa fundi. Sura ikambadilika, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona sura ile.

"Unataka watu waseme Révérien alitupa ng'ombe mgonjwa?"

"Watu gani? Fundi mmoja tu."

"Fundi ana mdomo, Luse. Kesho habari iko Kibagabaga anakokaa mzee, anaisikia kwa majirani. Gari limechoka na joto, basi."

Na mzee mwenyewe hupiga simu kunisalimia, na zaidi ya mara moja ameniuliza, "Binti yangu, ng'ombe wangu anapandaje milima?" Mimi namjibu, "Anapanda vizuri, baba, tunamkama mpaka maziwa yanamwagika." Mara ya mwisho alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Ukiona anachoka, useme."

Rafiki yangu Christella alinidokeza kwamba huenda ni filta ya mafuta, lakini Shangazi, mimi nilikuwa najaza mafuta tu, sijui yanakwenda wapi yakishaingia. Na mwisho wa mwezi tunampakia mzee Révérien tumpeleke Byumba kwa mama yake, ambaye ni bibi wa Mutsinzi, ili bibi huyo apate kumwona bibi harusi, na barabara ile unaijua, kona juu ya kona, upande mmoja bonde. Nikifumba macho naona lile lori. Nikisema, namwaibisha mume wangu na furaha yetu ingali mbichi. Nisiposema, tunabingirika sote watatu tukiwa na utepe kwenye vioo. Nifanyeje?

Ni mimi mwenye furaha na hofu,
Lusekelo wa Mutsinzi, Kinyinya

*

Mwanangu Lusekelo,

Hongera ya ndoa na pole ya ukucha. Huo ukucha ndio uliowaokoa, kwa hiyo usiniambie wewe ni mwoga. Sasa kaa nikugombeze.

Kabla ya kuandika safu hii ya ushauri niliuza vipuri vya magari kwa miaka, na nilikutana na wengi wenye gari kama lenu. Petroli haiendi moja kwa moja kwenye injini. Pampu inaisukuma kutoka kwenye tangi, inapita kwenye filta, ambayo ni kikopo chenye karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa ndani, na karatasi hiyo inashika kutu, vumbi na mashapo. Ikijaa uchafu, mafuta yanapita kidogo. Kidogo hicho kinatosha gari likisimama, kinatosha tambarare. Mlimani injini inataka mafunda makubwa, nayo inanyonya kwenye mrija ulioziba. Ndiyo kwikwi yenu. Siwezi kuapa kutoka huku kwamba ni filta, inaweza kuwa pampu yenyewe, lakini dalili ulizoandika ndizo hizo, na pa kuanzia ni hapo.

Na ile taa yenu ya mapenzi, izimeni! Chini ya tangi la gari lililoishi miaka mingi kuna uchafu umelala, na ninyi kila siku mnaibana pampu inywe pale pale. Tena pampu nyingi hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli, likikauka nayo inaungua. Mutsinzi aliweka kidogo ili akuone. Sasa analala kando yako, bado anamtafuta nani pale sheli? Tangi lisishuke chini ya robo. Mkikumbukana, nendeni pale mkanywe soda.

Kuanzia leo gari hilo lisipande mlima wowote mpaka liguswe na fundi. Mwite aje nyumbani. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, kwamba linakohoa likipanda na linapona likipumzika, usimwambie tu "linasumbua". Filta inaweza kuwa chini ya gari karibu na tangi, au kwenye boneti, au ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo wewe na mumeo msijaribu kuifungua wenyewe kwa mapenzi. Bomba lile lina msukumo, likifunguliwa vibaya petroli inaruka. Injini iwe imepoa na asiwepo mtu na sigara. Fundi akitaka kuipuliza ya zamani kwa upepo na kuirudisha, mkatalie, inunuliwe mpya. Mpya ina mshale, uelekee injini yanakokwenda mafuta. Akimaliza, gari liwashwe na mkague kama kuna tone linalovuja. Likikohoa tena na filta ni mpya, apime msukumo wa pampu na kuangalia tangi. Likipona, kitabu cha gari kitawaambia ibadilishwe kila baada ya mwendo gani, nanyi mtii.

Na Mungu apishe mbali, likizima tena mlimani: kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie, usiikanyage na kuiachia mara kwa mara, maana injini ikizima breki inabaki na msaada mchache tu. Vuta breki ya mkono, washa taa za hatari, jiwe nyuma ya tairi, pembetatu barabarani, watu washuke wakae mbali na magari.

Sasa hiyo aibu. Nimekaa Kigali muda mrefu, nimekula harusi nyingi, na sijaona mtu aliyepewa ng'ombe akaacha kumwogesha dawa ya kupe au kumwitia daktari eti asimfedheheshe aliyempa. Anayemtibu ng'ombe aliyepewa ndiye anayemheshimu aliyempa. Mume wako anaapa kwa jina la mzee huyu, halafu anataka kumpakia kwenye gari linalozima mlimani. Mwambie hivyo, kwa upole, lakini mwambie.

Halafu soma tena barua yako mwenyewe. Mzee Révérien hakukuuliza gari linang'aa au lina tairi nzuri. Alikuuliza linapandaje milima, akarudia, na ulipomjaza maziwa akanyamaza. Mtu aliyeliendesha gari miaka mingi anajua filta yake ilibadilishwa lini, na anajua kama haikubadilishwa. Ameona haya kusema mbele ya watu aliokwisha kuwasifia pembe. Wewe unamwogopa yeye, mumeo anamwogopa yeye, naye anawaogopa ninyi, na hata hivyo amekubali kukaa kiti cha nyuma mpaka Byumba.

Mpigie leo, Mutsinzi akiwa kando yako, sauti ya simu iwe wazi. Sema, "Baba, ng'ombe anachoka mlimani." Kisha nyamaza. Nadhani mtamsikia mzee akishusha pumzi.

Shangazi Akoth